Karatasi ya Mauzo Darasani: Mhadhara kwa Walimu wa Hisabati, Tabora

Ndugu walimu wenzangu, nimeombwa nizungumzie ufundishaji wa elimu ya fedha shuleni, nami nitaanza na swali la hesabu, kwa kuwa naamini elimu hii inahitaji maswali mazuri kabla ya kuhitaji kitabu kipya.

Mama lishe anakopeshwa shilingi 100,000, naye atarejesha shilingi 5,000 kila siku kwa siku 26. Riba ni kiasi gani? Wanafunzi watazidisha, watapata 130,000, kisha watajibu kwamba ni asilimia 30. Wangekuwa sahihi kama mama huyo angekaa na laki yake yote mpaka siku ya mwisho. Lakini kila jioni analipa, na kufikia siku ya 13 amekwisha kurejesha 65,000. Kwa wastani amekaa na takriban nusu tu ya fedha aliyokopa, na kwa nusu hiyo ametozwa 30,000. Gharama halisi inakaribia asilimia 60, tena kwa muda usiotimia mwezi. Ndiyo maana mikopo ya aina hii imeitwa kausha damu, na mimi ningependa mtoto alielewe jina hilo kwa kalamu yake mwenyewe.

Katika mkoa wetu swali la pili liko nyumbani. Urambo, Kaliua na Sikonge, ada na sare za watoto wengi hutoka katika tumbaku. Mkulima huchukua mbolea kwa mkopo kupitia chama cha msingi cha ushirika, jani hupangwa kwa madaraja, na deni hukatwa kabla ya fedha kumfikia. Kwa miaka mingi bei yenyewe imetajwa kwa dola. Karatasi ya mauzo anayopewa mkulima, basi, inabeba uzito, bei ya kila daraja, ubadilishaji wa fedha na makato, yaani mada ambazo sisi tunazifundisha kwa mifano ya watu wa kubuni walioweka akiba benki. Inaniuma kuona kijana aliyefaulu hisabati akishindwa kumsomea baba yake karatasi hiyo.

Nawasihi, hata hivyo, msiwaagize wanafunzi walete karatasi za wazazi wao, kwa maana deni la nyumba ni siri ya nyumba. Tungeni karatasi yenu yenye tarakimu za kubuni na makato yanayofanana na ya kweli, na katika mstari mmoja wekeni kosa la kujumlisha ili walitafute.

Wala desturi ya kupiga hesabu ya malipo mapema si ngeni kwetu. Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 walipatana ujira na posho, vikipimwa kwa nguo na shanga, kabla ya kuinua mzigo.

Kipindi kimoja kwa wiki kinatosha kuanzia, mradi kianze kabla ya masoko ya tumbaku kufunguliwa, wakati ambapo bado kuna nafasi ya kuuliza kila kato limetoka wapi.