Kopo la Chakula la Mfanyakazi wa Homestead

Mabibi na mabwana, urithi ninaotaka tuuzungumzie ni kopo la bati lenye mfuniko na mkono wa waya, ambalo wajukuu wa Waslovaki na Wapolandi waliohamia Pennsylvania, Marekani, hulihifadhi kabatini pamoja na vyombo vya harusi. Babu zao walilibeba kwenda kwenye viwanda vya chuma cha pua vya miji ya Homestead na Braddock, kando ya mto Monongahela. Mwaka 1907, kati ya vibarua 14,359 wa viwanda vya kampuni ya chuma ya Carnegie katika wilaya ya Allegheny, 11,694 walitoka Ulaya ya mashariki.

Baadhi ya makopo hayo yalikuwa na vyumba vilivyopandana: chini kahawa au chai ya moto, na juu yake mkate na nyama, ambavyo mvuke wa chini ulivizuia visipoe upesi. Zamu ilikuwa ya saa 12, na kila baada ya majuma mawili, walioshika zamu ya mchana na wale wa usiku walipobadilishana, kundi moja lilifanya kazi saa 24 mfululizo. Utaratibu huo ulianza kuachwa mwaka 1923 tu.

Familia huliita kopo la babu. Kwa maoni yangu, huo ni ukweli nusu. Wahamiaji wengi walikuja bila wake, wakapanga kwa wenzao waliooa, na mara nyingi aliyetoka kazini alfajiri alilala kwenye kitanda alichotoka kuamka mwenzake. Mke wa mwenye nyumba ndiye aliyewapikia wote, akawafulia (masizi yale hayakuwa mchezo) na kuyajaza makopo yao pamoja na la mumewe, asubuhi na tena jioni. Daftari la mishahara lilimwandika mume. Kazi ya mke haikuandikwa humo, ingawa bila kazi hiyo tanuru lisingepata watu wa kulihudumia.

Kwa sababu hiyo namsihi anayelirithi kopo asilisugue likang'aa, kwani masizi, mibonyeo na herufi zilizochorwa kwa msumari ndizo zinazolitofautisha na kopo la dukani. Kisha, wazee wakiwa bado hai, aulize ni nani aliyelijaza, wapangaji walikuwa wangapi, na Ijumaa, siku ambayo Wakatoliki hawakula nyama, mama huyo aliweka nini badala yake.