Mwalimu Asiyeshika Chaki

Mhadhara kwa walimu, wafanyakazi na wajumbe wa bodi za shule, Tukuyu

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, wakuu wa shule, walimu wenzangu, na ninyi mama na baba mnaopika, mnaolima, mnaolinda na mnaotunza vitalu katika shule zetu: nawasalimu nyote. Nimewataja ninyi wa mwisho kwa makusudi, kwa sababu nilipoingia ukumbini asubuhi hii nilikuta viti vya mbele vimebandikwa karatasi zenye neno "walimu", vya nyuma havina karatasi yoyote, na ninyi mmekwenda kukaa huko nyuma bila kuambiwa na mtu. Hilo ndilo nililokuja kulisemea. Wengine wenu mlinisikia nikilisema Uyole, wengine mlinisikia Njombe, na mtanisikia tena, maana bado halijatekelezwa.

Sitaeleza upya kwa nini shule ndogo ya sekondari inayofundisha kwa mikono na kwa mazingira yake inafaa. Waliomo humu wameshakubali, ndiyo maana shule zao zina vitalu, mizinga ya nyuki na vipimamvua. Swali langu ni nani anayefundisha katika shule hizo. Katika shule ninayoiongoza, orodha ya mishahara inasema walimu ni 9. Mimi nahesabu 14, na hao 5 wasiohesabiwa wamebeba sehemu ya mtaala ambayo sisi 9 hatuwezi kuibeba peke yetu.

Nitawaeleza habari ya jani la kiazi, na nawaomba mnivumilie nikiisimulia yote, kwa kuwa kila mara nikiikatisha watu huondoka wakidhani nimezungumzia kilimo.

Ilikuwa Februari, mvua zetu za Rungwe zikiwa bado zinaendelea. Mwalimu wetu wa baiolojia, kijana hodari aliyetoka chuoni muda mfupi kabla, alikuwa na kipindi cha kidato cha pili saa 4 asubuhi, na andalio lake la somo lilisema kwamba wanafunzi wataangalia ukungu kwenye majani ya viazi mviringo yaliyoshambuliwa na ugonjwa wa bakajani chelewa. Wakateremka shambani. Walikuta majani yenye mabaka ya kahawia na hawakuona zaidi ya hapo. Mwalimu akawaeleza kwa maneno kwamba upande wa chini wa jani huota utando mweupe, wanafunzi wakaandika, kisha wakachora kitu walichoambiwa na ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekiona. Mzee anayetunza shamba letu alikuwa hatua chache kutoka pale, akiinulia viazi udongo. Alingoja wanafunzi wote wapande kurudi darasani, akamfuata mwalimu pembeni, akamwambia: "Mwalimu, kesho waje saa 1, umande ukiwa bado haujakauka."

Naomba muitazame adabu iliyomo katika kungoja kule. Angeweza kusema palepale, mbele ya watoto, na mwalimu angeaibika. Mtu huyu hajawahi kufundishwa namna ya kulinda heshima ya mwalimu, lakini aliilinda kuliko sisi tunavyolindana katika vikao vyetu.

Kesho yake walikwenda saa 1. Mzee alichuma jani moja kutoka chini ya shina, ambako majani yamesongamana na hewa haipiti vizuri, akaligeuza polepole kwa vidole viwili na kulielekeza kwenye mwanga uliokuwa ukiingia kwa pembeni. Ukingoni mwa baka, pale kahawia inapokutana na kijani, palikuwa na mstari mwembamba mweupe, kama unga ulioshika kwenye chekeche. Msichana mmoja aliinama mpaka pua yake ikakaribia jani, akataka kuligusa. Mzee akamruhusu, ila akamwambia asishike shina jingine lolote kwa vidole vile mpaka akanawe. Halafu akawaambia wote wangoje. Jua lilipochomoza juu ya kilima na majani yakaanza kukauka, ule mstari ulififia mbele ya macho yao. Wakaelewa wenyewe, bila kuambiwa, kwa nini jana yake hawakuona kitu.

Hapo mwalimu wetu alifanya jambo ambalo ninalithamini kuliko shahada yake. Alisema mbele ya darasa zima: "Hili nilikuwa silijui. Mzee, endelea." Mzee akaendelea, akaeleza kwa nini yeye huanza kukagua viazi kwenye bonde, ambako ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka, na kwa nini hukagua baada ya usiku wa manyunyu kuliko baada ya mvua kubwa. Alipomaliza, mwalimu akapokea. Akaeleza kwamba kiumbe kinacholeta ugonjwa huu huhitaji unyevu ili kitoe mbegu zake zisizoonekana kwa macho, ambazo husafiri kwa upepo na kwa matone ya maji. Kwamba wanasayansi siku hizi hawakihesabu tena katika kundi la kuvu halisi, ingawa kinafanana nazo. Na kwamba ugonjwa huohuo uliingia Ireland mwaka 1845, ukaangamiza viazi msimu baada ya msimu, na watu wapatao milioni 1 wakafa kwa njaa na kwa maradhi yaliyofuatana nayo. Mzee alikuwa akiisikia habari ya Ireland kwa mara ya kwanza. Aliuliza kama watu wale walikuwa wamepanda aina moja tu ya kiazi. Jibu ni kwamba kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyokuwa, na kwamba hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya maafa yale. Swali la namna hiyo huulizwa na mtu anayeijua mbegu.

Sasa niambieni, katika asubuhi ile, nani alikuwa mwalimu na nani alikuwa kibarua? Ninatumia neno kibarua kwa sababu ndilo lililoandikwa katika vitabu vyetu. Kwa miaka 8 mzee yule amelipwa kwa siku. Siku ya mvua kubwa asiyoweza kulima, halipwi. Akiugua, halipwi. Hati za malipo hayo nimezisaini mimi, mwezi baada ya mwezi, kwa hiyo simnyooshei kidole mtu mwingine yeyote.

Najua kuna wanaosema moyoni: ni mzee mwema, lakini hana cheti, na shule haiwezi kuendeshwa kwa hadithi za wazee. Nawajibu kwa mlima mnaouona dirishani. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika misitu ya Rungwe walisikia kutoka kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za tumbili mwenye haya anayeitwa kipunji. Walimtafuta mpaka wakamwona. Mwaka 2005 walimtangaza duniani kama spishi mpya, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi la ukoo wa spishi, inayoitwa *Rungwecebus*, iliyobeba jina la mlima huu. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 80 bila jenasi mpya ya tumbili kutangazwa barani Afrika. Mpya kwa nani? Wawindaji walikuwa na jina lake na habari zake. Watafiti walileta vipimo, picha na ulinganisho wa vinasaba, na bila hivyo dunia isingeamini. Elimu zote mbili zilihitajiana, na iliyotangulia ilikuwa ya watu wasio na cheti. Anayesema mtunza shamba hana la kufundisha anasema hivyo akiwa amekaa chini ya mlima unaomkanusha.

Kuna pingamizi la pili, na hili linatoka kwa wazazi: kwamba tunawatumikisha watoto. Hapa ninakubaliana na wazazi zaidi kuliko wanavyotarajia. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, aliandika kwamba shule iwe jumuiya inayozalisha, kwamba wanafunzi washiriki katika kuamua mipango ya shamba lao, na kwamba hesabu za shamba zitunzwe ili waone jasho lao limezaa nini. Sisi tulichukua jembe tukaacha uamuzi na hesabu. Katika shule nyingi mtoto aliyechelewa namba alipelekwa kulima, aliyeongea lugha ya nyumbani alipelekwa kulima, aliyepata alama mbaya alipelekwa kulima, na mwalimu wa zamu akasimama kivulini na fimbo. Mtoto aliyelelewa hivyo atalipendaje shamba? Atauona udongo kama mahali pa waliokosa, na mtu anayefanya kazi huko ataonekana machoni pake kama mtu anayetumikia adhabu ya maisha. Hivyo ndivyo tulivyomshusha mtunza shamba, na tukashangaa vijana wanapokimbilia mjini.

Kwa hiyo katika shule yetu kuna sharti ambalo halina mjadala: hakuna adhabu inayotolewa kwa jembe, kwa ufagio wala kwa kuchota maji. Mwalimu mpya akija, ndilo jambo la kwanza analoelezwa, kabla ya nyumba na kabla ya ratiba. Wawili walishindwa, wakaondoka, na niliwaaga kwa heshima. Badala yake, kidato cha tatu ndicho kinachotunza daftari la hesabu za shamba, na mzee hukaa nao wanapoamua eneo lipi lipumzishwe. Msimu uliopita walinikatalia mimi ombi langu la kupanda viazi mahali palepale mara ya pili mfululizo. Walikuwa na sababu, wakazisoma kutoka kwenye daftari, nikakubali.

Mtaniambia pia kwamba mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi za mikono, kwa hiyo kilio changu kimeshajibiwa. Nimeupokea mtaala ule kwa furaha. Lakini mtaala ni karatasi mpaka apatikane mtu wa kumwonyesha mtoto namna ya kushika kisu cha kubebeshea miche ya parachichi, na mtu huyo mara nyingi yuko kijijini, ana miaka 50 na zaidi, na aliishia darasa la saba. Tukisubiri mpaka kila anayejua kubebesha awe na stashahada, miche itakuwa imezeeka kitaluni.

Na mitihani? Wazazi wanaouliza habari ya mitihani wanayo haki ya kuuliza. Mlinzi wetu wa usiku, kabla ya kwenda nyumbani, husoma kipimamvua saa 3 kamili asubuhi, saa ileile inayotumiwa na vituo vya hali ya hewa, na kuandika milimita katika daftari lenye pembe zilizolowa mafuta ya taa. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo mtu huyu ana kazi. Ameandika kwa miaka 6 na hajaruka siku hata moja. Alipofiwa na mama yake alimfundisha mwanafunzi wa kidato cha nne namna ya kusoma, akampa daftari kwa mikono miwili. Mwalimu wa jiografia hufundishia wastani, grafu na majira kutoka katika daftari hilo, na mwalimu wa hisabati hulitumia katika takwimu. Mwanafunzi aliyeshughulika na tarakimu za mvua iliyomlowesha yeye mwenyewe hatetemeki akikutana na jedwali la mvua kwenye karatasi ya mtihani.

Naona Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nilikuwa nimekusudia kuzungumzia kwa kirefu kazi ya jikoni. Nitataja moja tu. Mama mpishi wetu alikulia Makete, na tulipokwenda Kitulo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005 ambayo watu huiita Bustani ya Mungu, ndiye aliyewaeleza wanafunzi kuhusu viazi vya okidi vinavyochimbwa na kuuzwa mpaka Zambia kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo, na kwamba anayechimba kiazi amechukua mmea wote. Tulikuwa tumemchukua ili apike. Safari hizo sasa tunampangia posho sawa na ya walimu.

Nyumba za wafanyakazi sitazigusa leo, wala suala la walimu wetu kuhamishwa kila baada ya miaka miwili, kabla hawajaona mti walioupanda ukitoa tunda. Nimeyaandika katika taarifa ambayo kila mjumbe wa bodi anayo mezani, na ninaomba isomwe.

Ninachoomba kifanyike leo ni hiki. Kikao cha walimu cha kila Jumatatu kiwe kikao cha wote wanaofundisha, na mtunza shamba, mlinzi na mpishi wawe na sauti ndani yake, hasa ratiba inapopangwa, maana wao ndio wanaojua umande unakauka saa ngapi. Shuleni kwetu tumeshaanza, na vipindi vya baiolojia viwili kwa juma vimehamia saa 1 asubuhi. Pia, watu hawa wapewe ajira ya kudumu. Katika bahasha hii kuna barua mbili za maombi, ya mtunza shamba na ya mlinzi, walizoziandika kwa mikono yao, na walimu wote 9 wamezisaini kuwaunga mkono. Mwenyekiti wa bodi yetu yupo hapa mbele. Ninamkabidhi sasa hivi, mbele yenu, na ninamwomba azifungue kabla ya chakula cha mchana.

Niko tayari kwa maswali, na naomba la kwanza litoke viti vya nyuma.