Dainichi: neno moja lililomchanganya padre

Asanteni kwa kukaa mpaka saa hizi. Leo nataka tuongelee neno moja, Dainichi, maana humo ndo mnaona mapadre wa zamani walivyozichukulia dini za Asia.

Francis Xavier wengi mnamjua, yule padre mmisionari wa Kijesuti, mwaka 1542 meli yake ilitia nanga Malindi ikielekea Goa, India. Kule India barua zake ni kali mno, Mabrahmini, yaani makuhani wa Kihindu, anawaita wapotovu kuliko watu wote, watoto aliowabatiza wakivunja sanamu yeye anafurahi, na Kitamil chenyewe hakijui, sala kakariri kwa msaada wa wakalimani. Hili linaniuma kila nikilisoma, unamhukumuje mtu ambaye hata maneno yake huyaelewi?

Sasa 1549 anashuka Kagoshima, Japani, yuko na Anjiro, Mjapani aliyebatizwa Goa. Kumwita Mungu wanasemaje? Anjiro anampa Dainichi. Basi padre anahubiri, msalini Dainichi, na watawa wa Kibudha wa dhehebu la Shingon wanampokea vizuri kabisa, kwa nini wasimpokee wakati Dainichi ni Budha wao mkuu, yule wa jua kuu! Karibu miaka miwili hivyohivyo. Kuja kuwauliza watawa hao kule mji wa Yamaguchi, 1551, habari za Utatu, anakuta hawaelewani kabisa, ndo anamtuma mwenzake Bruda Fernandez barabarani akatangaze jamani msimsali Dainichi tena. Kuanzia hapo akashika neno la Kilatini, Deus, na wapinzani wakaligeuza dai uso, yaani uongo mkubwa. Sisi neno Mungu lilikuwepo midomoni mwetu kabla ya misheni yoyote, kwa hiyo hatukupitia hiyo shida.

Alokuja kukaa chini akajifunza ni Roberto de Nobili, padre Muitaliano, kafika Madurai, kusini mwa India, 1606, kaacha nyama, kavaa kanzu ya zafarani kama watawa wa Kihindu, kasoma Kitamil, Kitelugu mpaka Kisanskriti. Msidhani aliikubali dini yao, hapana, aliona ibada ni ya uongo ila mila ni mila, Mbrahmini akibatizwa abaki na uzi wake wa Kibrahmini begani na kishungi chake cha nywele. Mapadre wenzake wakamshtaki anaingiza upagani, kesi ikaenda mpaka Roma, na 1623 Papa Gregory XV akaruhusu, uzi uvaliwe, ila usitoke tena hekaluni, padre ndo aubariki kwa maji ya baraka.