Namna ya kumwangalia mtoto dalili za mtindio wa ubongo

Karibuni. Mtindio wa ubongo ni hitilafu ya ubongo wa mtoto inayovuruga misuli na namna anavyojongea. Tandika khanga chini, penye mwanga. Mtoto awe ameshiba, hana homa, abaki na nepi tu. Mwenye njaa hujikaza kwa hasira, atakudanganya.

Mlaze chali. Shika mikono yote miwili, mvute taratibu akae. Tazama shingo hapa: kuanzia miezi minne au mitano, kichwa kinatakiwa kifuate mwili. Kama kinabaki nyuma kinaning'inia, kumbuka hilo. Wa njiti mhesabie miezi kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Sasa fungua nepi. Wengi dalili ya kwanza huiona hapa bila kujua: mapaja hayataki kuachana, miguu inakakamaa na kupishana kama mkasi. Wengine ni kinyume, mwili umelegea, ukimbeba anakuteleza.

Kwenye mikono nitakaa kidogo, maana ndiko tunakopitwa. Mpakate, mwoneshe kijiko upande wa kulia, kisha kushoto, kisha katikati. Kabla ya kutimiza mwaka, mtoto hutumia mikono yote. Huyu wako akivuka mwili mzima kufuata kijiko kwa mkono uleule, na mwingine umebaki ngumi, gumba limefichwa ndani, bibi atasema, "Huyu shoto kama babu yake." Mwitikieni bibi, halafu mpelekeni mtoto kliniki.

Wakati wa kula, angalia kama anapaliwa mara kwa mara au ulimi unausukuma uji nje. Miezi tisa hajakaa mwenyewe, mwaka na nusu hajatembea: nenda, hata kama jirani anasema ni mzito tu. Na aliyekuwa akikaa kisha akaacha, huyo apelekwe haraka zaidi, inaweza kuwa tatizo jingine kabisa.

Dalili moja peke yake haithibitishi kitu. Daktari ndiye atakayepima. Beba kadi ya kliniki, na useme yote: hakulia alipozaliwa, alipata manjano kali, degedege, homa ya uti wa mgongo. Hapo hakuna aliyerogwa wala mama wa kulaumiwa. Uliza pia kuhusu mazoezi tiba, yanaweza kuanza hata kabla majibu yote hayajatoka.

Mrekodi kwa simu kabla ya kwenda, hasa ule mkono. Mkifika mbele ya daktari, atalia au atalala.