Soga za Kituo cha Basi

Shikamooni wazazi mliokaa huko nyuma. Na nyie wenye mabegi tayari, mambo? Haya. Nimeombwa nizungumze na vijana wanaoondoka kwenda kusoma nje, na mratibu alitegemea niongelee viza na akaunti za benki. Hayo mtayakuta kwenye makaratasi yenu. Mimi nina jambo lililonitesa kuliko viza: kupiga soga na mtu usiyemjua.

Niliishi Leeds, kaskazini mwa Uingereza, miaka minne. Wiki ya kwanza tu nilijikuta kituo cha basi na bibi mmoja, tuko wawili, manyunyu yanatudondokea. Mimi nimelelewa hapa Moshi, mtaa wa Rau. Kusimama na mtu mzima kimya kama nguzo, usimwamkie, huo ni utovu wa adabu. Nikamgeukia, nikamsalimu, nikamuuliza habari za nyumbani, wajukuu hawajambo? Nikaona mkono wake unahamia kwenye mkoba taratibu. Basi lilipofika akaenda kukaa kiti cha mbele kabisa, mgongoni kwa dereva.

Hakuwa na roho mbaya yule bibi. Nilikuwa nimeingia kwake bila hodi.

Sisi tunabisha hodi kwa mtu mwenyewe: umeamkaje, watoto, kazi, mama anaendeleaje na miguu. Wenzetu wale wanabisha hodi kwa kitu, kile ambacho wote wawili mnakiona. Mvua. Basi lililochelewa. Mbwa! Mbwa hasa. Mbwa wa jirani yangu niliyepishana naye kila asubuhi nilimjua, aliitwa Bella, hapendi ngazi. Mwenye mbwa nimeondoka Leeds sijui jina lake. Mnacheka, lakini tulikuwa marafiki wale!

Mvua ndiyo salama zaidi, maana haina mwenyewe. Halafu kuna Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa zinarudishwa nyuma saa moja nchi nzima, na Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Wiki zile hata asiye na maneno anapata la kusema. "Giza limeingia mapema leo." Imetosha. Mwenzako akisema kuna baridi, mkubalie. Usianze kumweleza kwamba kwetu Moshi muda huu watu wanatafuta kivuli, hakukuuliza.

Kosa langu la pili lilikuwa kujibu. Kule wanakusalimu kwa kukuuliza kama uko sawa. Kijana niliyefanya naye kazi za jioni aliniuliza hivyo koridoni, na mimi, kwa kuwa nilikuwa na mafua, nikaanza: usiku sikulala, kichwa, nadhani ni ile dirisha… Nilipoinua uso alikuwa ameshakunja kona.

Ajabu ni kwamba hili sisi tulilijua kabla yao. Mtu akikuuliza "habari za nyumbani?" si unajibu "nzuri" kwanza, ndipo unasema mtoto amelazwa hospitali ya KCMC? Ile "nzuri" haikuwa taarifa. Mwaka 1923 Bronislaw Malinowski, msomi mzaliwa wa Poland aliyekuwa ameishi na watu wa visiwa vya Trobriand, aliandika kwamba maneno ya namna hii hayapeleki habari yoyote, kazi yake ni kuwafunga watu pamoja. Bibi yangu angemwambia hiyo bila kupanda meli.

Na msidhani hatuna soga za kitu. Asubuhi wingu likiondoka, pale stendi watu wasiojuana wanasimama wanaangalia juu, Kilimanjaro: "Leo mlima umefunguka." "Eeh, na theluji imeongezeka." Basi, ndiyo hiyo hiyo. Chukua sauti ile ile, weka mvua mahali pa kilele cha Kibo.

Mshahara, umri, dini, kwa nini hujaoa: acha. Swali la "una watoto wangapi?" hapa ni heshima, kule unaweza kuwa umekanyaga kidonda. Na ukishuka kwenye basi, mshukuru dereva, Leeds wengi wanafanya hivyo, wakati sisi tumezoea kupiga kelele "shusha!" na kuruka.

Ila mjihadhari na kurudi. Nilivyorudi, siku ya tatu nikaenda sokoni Kiboriloni. Nikamkuta mama ana ndizi mshare nzuri, nikanyoosha kidole: "Mkungu huu bei gani?" Mama akanitazama kuanzia viatu.

"Kwani tumelala pamoja?"

Nikashika adabu. Shikamoo mama. Marahaba baba, hamjambo huko? Akauliza mama yangu, akauliza ukoo, tukagundua shangazi yake kaolewa Rau, mtaa wa pili kutoka kwetu. Tulipofika kwenye bei, mkungu ulikuwa umeshapungua elfu mbili.