Wimbo Wako Ni Mzuri, Lakini Hakuna Anayeukumbuka

Jambo wandugu, karibuni, niko hapa Lubumbashi. Leo chukua ule wimbo wako ambao watu wakiusikia wanasema "mzuri", halafu wanaendelea na maongezi yao. Ndio tutakaoufanyia kazi.

Kwanza jirekodi kwa simu, uimbe wote. Sikiliza ukiwa na daftari. Kila mstari ambao ungeweza kuutabiri kabla haujafika, uzungushie duara. Usijionee huruma.

Sasa chagua mmoja tu. Tuseme umeandika "Mpenzi wangu nakupenda sana". Nani hajaimba hivyo? Jiulize: huyo mpenzi anafanya kazi gani, saa hizi yuko wapi, mikono yake ikoje? Wangu mimi nimempa kazi ya kuuza makala, yaani mkaa, huko Katuba, hapa hapa Lubumbashi. Basi mstari umekuwa hivi: "Mikono yako ina makala, nishike hivyo hivyo, shati langu jeupe." Neno kupenda halimo, na hakuna atakayeuliza kama anapendwa. Wapo watakaocheka. Waache. Ila wakicheka pale ulipotaka walie, rudi uandike upya.

Tuje kwenye ala. Sisi wa Katanga hatuna haja ya kwenda mbali. Mwenda wa Bayeke, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, alipiga gitaa kwa gumba na kidole cha shahada, besi na melodi zikitoka pamoja. Na baadhi ya wapiga gitaa wa enzi zile walikuwa na mtu pembeni anayegonga chupa tupu. Kwa hiyo ubeti wa kwanza zima ngoma za kompyuta, gonga chupa. Ukiitia maji mlio unashuka. Ongeza kidogo kidogo mpaka ikubaliane na gitaa.

Kiitikio usikiguse. Ubeti umeshabeba mambo mageni mawili, mstari mpya na chupa, msikilizaji anataka pa kupumzikia.

Kabla hujalipa studio, waimbie majirani, usiseme ni wako. Sifa za papo hapo usizihesabu, jirani ana adabu. Kesho yake uliza wanakumbuka maneno gani. Wakikutajia makala na shati, nenda karekodi. Wakikuimbia kiitikio peke yake, fungua daftari, chukua duara lingine.