Glasi ya Kwanza Humiminwa Sebuleni

Mhadhara kwa wazazi na walimu wa sekondari

Mwenyekiti, walimu, ndugu wazazi. Ratiba inasema niongelee madhara ya dawa za kulevya. Mnisamehe, hayo sitayaongelea. Watoto wenu wanayajua kuliko ninyi. Waulizeni leo jioni, watawatajia ini, mapafu na kichaa kwa mpangilio wa mtihani. Kujua hakujamzuia mtu. Marekani walianza mwaka 1983, kule Los Angeles, kupeleka polisi madarasani wakafundishe. Mpango ukaenea nchi nzima, na watafiti walipowafuatilia wanafunzi hawakuona tofauti ya maana kati ya waliofundishwa na wasiofundishwa. Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo wa kinga mwaka 2013, ukauboresha mwaka 2018 pamoja na Shirika la Afya Duniani. Ndani yake vitisho, hotuba za kukaa na kusikiliza tu na ushuhuda wa aliyewahi kutumia vimewekwa kwenye fungu la mambo yasiyosaidia. Na bado kila mwaka shule zinaniambia, "Safari hii tumemleta teja mstaafu." Vijana wanachokiona pale ni mtu aliyetumia miaka kumi, akaacha, na leo ana maikrofoni na posho.

Kwa hiyo narudi kwenye wimbo wangu wa siku zote, na naona wanaoujua wameshaanza kucheka: icheleweshe glasi ya kwanza. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba kati ya walioanza kunywa kabla ya miaka 15, kama asilimia 40 waliwahi kuwa watumwa wa pombe maishani. Walioanza na miaka 20 au zaidi, kama asilimia 10. Utasema aliyeanza mapema huenda alikuwa na matatizo yake tayari. Ni kweli, sehemu ya tofauti hiyo inatoka huko. Lakini sehemu ya ubongo inayomwambia mtu "hebu subiri kwanza" haikomai mpaka miaka ya ishirini na kitu, na pombe inaikuta bado inajengwa.

Sasa glasi hiyo inatoka wapi? Kila mtu ananitajia muuza unga wa kijiweni. Tuache kijiwe, twende kwenye sherehe ya kipaimara. Kreti zimepangwa stoo na ufunguo hauna mwenyewe. Saa mbili usiku mama mmoja anaita, "Watoto, kusanyeni chupa!" Pita nyuma ya turubai uone. Chupa zile hazijaisha, kila moja ina vidole viwili chini, na vijana wanamimina masalia yote kwenye chupa moja ya maji ya lita moja na nusu. Chupa kumi na tano zenye mililita mia mia zinaijaza mpaka shingoni. Hakuna aliyenunua wala aliyeiba. Mezani huku mjomba anamsogezea mwenye sherehe glasi: "Onja, umekuwa mwanaume." Mwanaume mwenyewe yuko kidato cha kwanza.

Dawa yake haina gharama. Mtu mzima mmoja asiyekunywa siku hiyo akabidhiwe ufunguo. Ahesabu chupa zinazotoka na chupa tupu zinazorudi, na masalia yamwagwe palepale zinaporudi. Chupa zikusanywe na watu wazima. Soda za watoto ziwe upande mwingine wa ukumbi, zisitoke kaunta moja na bia, maana kwenye msongamano hakuna anayeangalia mkono wa nani umechukua nini. Mjomba aambiwe wiki moja kabla, si siku hiyo akiwa na tatu kichwani.

Najua kuna baba hapa anasema moyoni, "Afadhali anywe mbele yangu kuliko ajifunze barabarani." Nimeisikia hiyo mpaka nimechoka. Australia waliwafuatilia vijana karibu 1,900 kwa miaka sita, matokeo yakatoka mwaka 2018. Waliopewa pombe na wazazi hawakupata kinga yoyote, na walikunywa kupita kiasi zaidi ya wale ambao hawakupewa na mtu. Tena aliyepewa nyumbani mwaka huu, mwaka uliofuata uwezekano wa kuipata kwingine uliongezeka maradufu. Kwa hiyo, baba, nyumbani na barabarani hazishindani. Moja inamfungulia mwenzake mlango.

Na kumtuma mtoto bia dukani? Mnacheka. Mangi atajuaje leo ametumwa na kesho amejituma? Ukimzoesha mwenye duka kumuuzia mwanao wa miaka 13, usimlaumu siku akimuuzia bila wewe kumtuma. Nenda mwenyewe.

Kidogo tuhesabu, maana wengi wanaogopa bia na kudharau kichupa. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina kama gramu 20 za pombe halisi. Kichupa cha pombe kali cha mililita 200, asilimia 40, kina kama gramu 63, yaani zaidi ya bia tatu, na kinaingia mfuko wa kaptula. Ndiyo maana viroba, vile vifuko vidogo vya plastiki vya pombe kali, vilipigwa marufuku Tanzania kuanzia Machi 1, 2017. Marufuku ilikuwa ya maana, ila toti bado zinapimwa mtaani. Mwili huondoa takriban gramu saba kwa saa, na kwa mwili mdogo ni pungufu. Aliyemaliza kichupa saa nne usiku anaweza kuwa nacho bado mwilini asubuhi ya saa moja paredi. Kuoga na kahawa havipunguzi hata gramu moja.

Jambo la pili ni saa. Iceland, mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa ndani ya mwezi uliopita. Mwaka 2016 ilikuwa asilimia 5. Walitumia michezo, ruzuku za vilabu, na saa ya kurudi nyumbani: miaka 13 hadi 16, saa nne usiku majira ya baridi. Kubwa zaidi, wazazi waliandikiana makubaliano. Msiniambie ni nchi tajiri. Makubaliano ni karatasi na kalamu. Wazazi wa darasa moja wakubaliane saa ya kurudi, na kwamba mtoto halali kwa rafiki bila mzazi kumpigia mzazi mwenzake. Peke yako utashindwa na "mbona kina fulani wanaruhusiwa".

Mwenyekiti ananionyesha saa, naharakisha. Wanafunzi waliopanga mageto karibu na shule: mwenye nyumba apewe namba ya mzazi na ya mwalimu, na mzazi aende bila kuaga. Mwalimu mkuu, ukimfukuza aliyekamatwa unampeleka kule ambako vitu hivyo vinapatikana kutwa. Vipimo vya mkojo vya famasi: bangi huonekana siku chache kwa aliyevuta mara moja, na hata mwezi kwa mvutaji wa kila siku, kwa hiyo havikwambii alivuta lini. Kijana aliyezima mlaze ubavu, usimtapishe, usimwache peke yake. Asipoamka ukimwita, akipumua chini ya mara nane kwa dakika au pumzi ikikatika sekunde kumi, hospitali. Mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya hapa Tanzania inapatikana kwa simu 119. Wenzetu Kenya wana 1192 ya NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Karibuni kwa maswali. Ila asiniulize mtu ile dawa ya kumtilia kijana kwenye chai kwa siri ili aichukie pombe. Ipo, na hutolewa na daktari kwa mgonjwa anayejua na aliyekubali. Asiyejua atakunywa juu yake, presha ishuke, moyo uende mbio, na kesi itakuwa yako.